Bidoni ile ile Jumamosi tatu: salongo ikiisha, taka inaenda wapi?

Katibu_wa_Avenyu (Bukavu)

Jambo sana wana-ukumbi. Jambo hili nimekaa nalo wiki nzima, leo nalimwaga hapa.

Mimi ni katibu wa avenyu yetu huku Kadutu, komine ya Bukavu, mashariki ya Kongo, upande wa juu, kule ambako mvua ikinyesha kila kitu kinakimbilia bondeni. Ukatibu wa avenyu hauna mshahara. Una daftari, kalamu na lawama, na siku kuu ya lawama ni Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi. Saa moja asubuhi maduka yamefungwa, watu wametoka na majembe, koleo na ndoo, tunaingia kwenye kanivo, mitaro ya maji ya mvua. Tunatoa matope, sashe (vifuko vya plastiki), viatu vibovu, maganda ya ndizi, nepi. Vyote tunarundika pembeni. Kwenye saa nne anapita mtu wa komine, yaani serikali yetu ya chini ya mji. Anaona watu wameshika majembe, anaona maji yanatembea, anaandika, anakwenda zake. Wasiotoka wanalipishwa amande, yaani faini. Maduka yanafunguliwa.

Rundo linabaki pale pale.

Sasa sikieni. Mwezi wa kumi nilitoa kwenye kanivo bidoni ya njano, ile ya mafuta ya kupikia, imepasuka ubavuni, shingoni mtu ameifunga uzi mwekundu, sijui alikuwa anaitundikia nini. Nikaiweka juu ya rundo. Jumamosi iliyofuata nikaitoa tena, kanivo ile ile, hatua kama kumi chini ya pale nilipoiacha. Nilicheka, nikaona ni bahati mbaya. Jumamosi ya tatu nikaikuta imekwama chini ya kidaraja pamoja na fungu zima la sashe, uzi wake mwekundu bado uko. Jumamosi ya nne sikuiona. Msidhani kuna mtu aliyeiokota. Alhamisi usiku mvua ilipiga, bidoni ikashuka kwenye mto Kahuwa, Kahuwa ikaipeleka ziwani.

Na ikishafika ziwani njia yake tunaijua. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Ruzizi, na mlango wenyewe uko hapa hapa Bukavu. Kinachoelea kinavutwa polepole mpaka kwenye bwawa la Ruzizi I, lile linalotupa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950. Plastiki inaziba, mashine zinasimama, sisi huku tunakaa gizani na kutukana delestaji, ule mgawo wa umeme. Kwa hiyo naweza kusema nilijikatia umeme mwenyewe, kwa koleo langu, na kwenye daftari la komine nimeandikwa kwamba nimefanya usafi.

Hilo ndilo linalonichoma. Komine inapima salongo kwa majembe. Haipimi taka. Hakuna anayeuliza rundo limekwenda wapi, kwa hiyo haliendi popote. Linasubiri mvua.

Nawauliza ninyi: kwenu, saa nne ikishapita, rundo linaenda wapi?

---

Mzee_wa_Nyawera

Katibu, unaandika vizuri lakini unazunguka. Ile bidoni nani aliitupa kwenye kanivo? Si bugumesta, mkuu wa komine. Ni jirani yako, na pengine unamjua jina. Mimi nimeishi mji huu tangu watu wanatembea Nyawera wamevaa viatu vyeupe. Mwulize mzee yeyote.

Vuka tu daraja la Ruzizi uende Kamembe. Umebeba kitu kwenye sashe, wanakunyang'anya mpakani, unabaki umekumbatia nyanya zako kifuani kama mtoto mchanga. Rwanda walikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008. Watu ni wale wale, sura zile zile, mvua ile ile. Sisi tumekosa adabu, basi.

---

Katibu_wa_Avenyu

Papa, heshima kwako. Lakini umesema mwenyewe watu ni wale wale. Mtu huyo huyo wa Kadutu asubuhi anatupa sashe kwenye kanivo, mchana akivuka daraja anakuwa na adabu, jioni akirudi anaipoteza tena? Adabu gani hiyo inayobaki forodhani?

---

Sheria_Mwaka_wa_Tatu

Naomba kuingiza karatasi kidogo, msinichoke.

Sisi pia tunayo marufuku. Ni dekreti namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017. Inakataza kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungashio vingine vya plastiki. Somo ni hilo hilo la Kigali, ila ingia soko la Kadutu sasa hivi, uombe chumvi ya faranga 500, uone unafungiwa kwenye nini.

La pili. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema mji na komine ni vyombo vyenye bajeti yao na baraza lao. Kutunza barabara za komine na kuendesha masoko yake ni kazi ya komine, si hisani. Pesa nayo imetajwa: katiba inazipa provensi asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria hiyo ya 2008 inavipa vyombo vya chini asilimia 40 ya fungu hilo la provensi. Mjini huku neno tunalolisikia ni retrosesyo, yaani kurudishiwa fungu letu. Tunalisikia tu.

Kwa hiyo Katibu, mimi ningeongeza hivi: salongo ni kazi ya bure ya raia inayoziba pengo la kifungu cha bajeti. Kuchota ni bure kwa sababu mikono ni yetu. Kusafirisha kunataka mafuta ya gari, tairi, dereva, na mahali pa kumwaga. Pale penye mikono yetu kazi inafanyika, panapoanza gharama yao inasimama. Angalia vizuri rundo lenu lilipo. Liko kwenye mpaka huo kabisa.

---

Simba_243

Mnaongea sheria gani wakati hata hatujui nani anatawala mji?? Tangu Februari 2025 ni

[Ujumbe umefupishwa na msimamizi]

Msimamizi

Simba, nani anatawala ina nyuzi zake, na unajua ziko wapi. Hapa ni kanivo na takataka. Kanivo imeziba chini ya watawala wote tuliowahi kuwa nao, hakuna aliyeonewa.

---

Mama_wa_Sambaza

Wanangu, mnaongea kama watu wanaotumwa sokoni na si wanaokaa sokoni.

Mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kila siku anapita kijana na kitansi cha ushuru, nalipa faranga 500, kuwe mvua kuwe jua, niwe nimeuza nisiwe nimeuza. Miaka yote hiyo pipa sijaliona. Jioni nikimaliza nina magamba, maji machafu, na sashe zilizochanika. Niziweke wapi? Nikienda nazo nyumbani nitazitupa kwenye kanivo ya Katibu. Nikiziacha hapa, zinaingia kwenye kanivo ya soko. Nichague kanivo, ndilo chaguo langu.

Na sashe mnazozisema: mama yangu alikuwa anafunga sambaza kwenye jani la mgomba. Jani lilikuwa la bure kwa sababu migomba ilikuwa pale mlimani, unaiona ukiwa umekaa. Leo pale mlimani ni nyumba juu ya nyumba. Jani linatoka mbali, linanunuliwa, na likikauka linapasuka. Sashe nainunua mimi kwa pesa yangu, na mteja anaichukua bure. Ukimwambia sina, anaenda kwa jirani yangu wa kushoto. Sasa mnikataze mimi peke yangu, nitalala njaa. Mtukataze wote, asubuhi moja, soko zima, na wa kwanza kucheka ni mimi, maana ile pesa inabaki kwenye kitenge changu.

Lakini hawafanyi hivyo. Wanakuja siku mbili, wananyang'anya sashe kumi za mama, halafu furushi kubwa la sashe linashushwa dukani mchana kweupe, na walinzi wanasaidia kulibeba.

---

Ukingo_wa_Ruzizi

Mama amesema. Mimi niongeze ya huku mwisho wa njia, kwa sababu naishi karibu na bwawa na mdogo wangu amewahi kufanya kazi ya kuokota.

Mbele ya pale maji yanapoingilia kuna vyuma vimesimama kama kichanio kikubwa. Vilitengenezwa kwa ajili ya magogo na majani. Gogo lina adabu: linakuja, linagonga, linasimama, unalivuta. Sashe haigongi. Inajibandika kwenye chuma kama ngozi ya maziwa, inakuja nyingine juu yake, na nyingine, mpaka ni blanketi na maji hayapiti. Zile zinazopenya zinajizungusha kwenye mashine. Hapo hakuna ujanja: unasimamisha mashine, mtu anaingia anazitoa kwa mkono. Muda wote huo mnasema delestaji.

Kuna vijana wanaokota kwa mtumbwi, kila siku. Mvua ikipiga usiku, asubuhi ukisimama ukingoni maji huyaoni. Unaona chupa na ndala na bidoni zimelala pamoja, bapa kabisa, mpaka mbwa mmoja aliwahi kutaka kutembea juu yake. Alizama, akatolewa, yuko hai.

Na hazikomi hapa. Zinazopita zinakwenda kusumbua Ruzizi II huko chini, ile ya 1989 ambayo ni ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Mrundi wa watu anakosa umeme kwa sababu ya nepi ya Kadutu. Mzee wa Nyawera, na usisahau milima ya ng'ambo nayo inateremkia ziwa hilo hilo. Si kila chupa ina uraia wetu.

---

Mwana_wa_Lava (Goma)

Salamu kutoka Goma. Kwetu mambo ni kinyume na bado ni yale yale. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, maji ya mvua yanazama chini hapo hapo, hatuna mto wa kubebea watu taka zao. Kwa hiyo zinabaki. Na wapo wanaozitafuta! Lupango, yaani kiwanja, limejaa mabonde ya lava, mwenyewe anataka kulisawazisha kabla ya kujenga, anaweka neno: leteni taka. Anamwagiwa mwaka mzima, anatandaza udongo juu, anajenga. Nyumba nzuri, ila ukichimba choo unakutana na sashe za mwaka juzi.

Vijana wa chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali, wanapita nyumba kwa nyumba, unalipa kidogo, wanabeba gunia. Chukudu ni chombo cha maana, kinashika njia ambazo kamyo haiwezi. Lakini swali la Katibu linawangoja mwisho wa mteremko: anamwaga wapi? Kama hakuna mahali palipotengwa, kijana anamwaga palipo na giza.

---

Mutoto_wa_Kenya (Lubumbashi, ni komine yetu, si ile inchi)

Bandugu, miye nasema kidogo tu. Musizani ni franga peke yake. Huku kwetu sheria ya migodi ya 2018 inatoa asilimia 15 ya redevansi, ile franga mugodi inalipa serikali, kwa komine ama sekta penye mugodi iko. Franga zinafika, si kama za retrosesyo yenu. Iko fasi moja sitataja jina, walijenga ofisi ya muzuri, vioo vya bluu, na kanivo ya mbele ya ile ofisi umeruka ndio uingie. Kama hakuna mutu anauliza taka inaenda wapi, hata ukimwaga dola inaenda kwa vioo.

---

Mzee_wa_Nyawera

Sawa, nimesoma yote. Mama wa Sambaza amenigusa, kuhusu majani. Ni kweli mgomba ulikuwepo.

Lakini Katibu, mtu mwenye daftari asiishie kulia. Umejaribu nini?

---

Katibu_wa_Avenyu

Papa, haki yako kuuliza. Nilijaribu, na yalinipata.

Kwanza tuliandika barua tuombe kamyo ije saa nne ya salongo badala ya yule mtu wa daftari. Barua ilipokelewa vizuri sana. Walipiga muhuri, wakanipa nakala. Nakala ninayo mpaka leo, safi, haina hata mkunjo.

Tukaona basi tuangalie rundo lenyewe lina nini. Jumamosi moja tulilitandaza. Mke wangu hakupenda. Sehemu kubwa ni maganda: muhogo, ndizi, vikonyo vya sombe, pamoja na majivu ya mbabula. Halafu udongo ulioshuka kutoka viwanja vinavyochimbwa juu. Halafu sashe na chupa, ambazo kwa macho zinaonekana ndizo nyingi lakini ukizikandamiza ni gunia mbili tatu.

Maganda yamekuwa rahisi. Avenyu yetu ina nyumba saba zinazofuga simbiliki, wale wanyama wadogo kama sungura, na mbili zenye nguruwe. Nilichofanya ni kuandika majina kwenye daftari na kuyasoma kwa sauti siku ya salongo: fulani anataka maganda ya muhogo, fulani ya ndizi. Sasa maganda yanagombaniwa. Wiki iliyopita nimeamua kesi ya mtu kuiba maganda ya mwenziwe, na wakubwa wa nyumba kumi wote walikuja kusikiliza.

Udongo ndio uliotutesa. Kuna kamyo za mchanga zinapanda na mzigo na kurudi tupu. Tulizungumza na dereva mmoja, nyumba zote zikachanga pesa ya mafuta, akakubali kupitia kwetu Jumamosi mchana. Mahali pa kumwaga tulipata kwa mzee mmoja ambaye zamani alikuwa anachoma matofali, ana shimo anataka lijae. Sharti lake: udongo mtupu, sashe hataki hata moja. Kwa hiyo tunachagua kwa mkono kabla ya kujaza magunia.

Mwezi wetu wa mwanzo tuliweka magunia barabarani Ijumaa jioni ili dereva asisubiri. Asubuhi tukakuta taka imemwagwa, magunia yameibwa. Mtu alimwaga uchafu wa watu ili apate gunia! Sasa tunayatoa barabarani tukimwona dereva kwa macho. Mwezi uliofuata dereva akapandisha bei. Nyumba nne zikajitoa, zikasema sisi si komine. Sikuwa na jibu, maana kweli si komine.

Zilizobaki ni sashe. Yuko kijana anayeyeyusha plastiki na mchanga anatengeneza pave, matofali ya kutandika njia, lakini anataka zilizooshwa na kukaushwa. Nani ataosha sashe Kadutu, ambako maji ya kunywa yenyewe tunayapandisha kwa kichwa? Kwa hiyo kwa sasa magunia ya sashe yako nyuma ya nyumba yangu. Yamefika kumi na nne. Mke wangu amenipa mpaka Noeli.

---

Mama_wa_Sambaza

Mpe pole mke wako. Magunia ni yale ya mchele au ya unga?

Katibu_wa_Avenyu

Ya mchele, Mama, ya kilo 50. Ya unga yanachanika kwenye kona.

Sheria_Mwaka_wa_Tatu

Katibu, zile nyumba nne waambie Desemba 2023 tulichagua washauri wa komine. Bajeti ya komine inapita kwa hao. Siku wakiketi kuijadili, nenda na daftari lako, pamoja na hesabu ya magunia na pesa ya mafuta mliyochanga. Barua inaomba, hesabu inadai. Wakuonyeshe kifungu cha kusafirisha taka, hata kama ni sifuri, mradi kiandikwe.

Simba_243

hao washauri wako wapi leo kaka?

Msimamizi

Simba.

---

Ukingo_wa_Ruzizi

Katibu, leo nilipita ukingoni nikaangalia. Bidoni za njano ni nyingi kuliko nyuzi. Moja ilikuwa na kamba, lakini ya bluu. Nitaendelea kutazama.

---

Katibu_wa_Avenyu

Aksanti ndugu yangu.

Nirudi kidogo, kwa sababu jana ilikuwa Jumamosi. Tulianza mapema, dereva alikuja saa tatu, saa nne kasoro tulikuwa tumemaliza. Kanivo safi, pembeni pamefagiliwa, watu wamenawa, wengine wamekaa wanakunywa chai. Mtu wa komine akafika na daftari lake. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniuliza: "Katibu, rundo liko wapi?"

Nikamwambia limekwenda.

Akasema, "Nitajuaje mmefanya kazi?" Akaanza kutoa kalamu ya amande.

Nilimshika mkono, nikampeleka nyuma ya nyumba yangu kwenye magunia ya sashe. Alisimama. Akaanza kuyahesabu kwa kidole, alipofika tisa harufu ikamshinda, akarudi nyuma, akatoa simu akampigia mkubwa wake. Nilimsikia akisema: "Mkubwa, hapa kuna mtu ameweka taka nyumbani. Naandika nini?"